Vijiji Vilivyopanda Hadi Ghorofa ya Tisa

Thérèse alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage, kijiji cha kwanza kilipofika. Kilikuja polepole kutoka upande wa barabara kuu, kikiwa juu ya kilima chake, kikasimama sawasawa na roshani yao ya ghorofa ya tisa, hapo Shard End, mjini Birmingham. Kilikuwa na nyumba za mawe ya rangi ya asali, madirisha ya mbao yaliyopakwa buluu, kanisa lenye kengele moja, na uwanja mdogo wenye chemchemi katikati. Thérèse alimaliza maharage yake kwanza, maana ukiyaacha nusu unasahau ulipofikia na mawe yanabaki ndani. Kisha akajifuta mikono, akamwita mumewe.

Ignace alikuja na chuma chake cha miguu minne cha kutembelea, akakitazama kijiji kuanzia mnara hadi vigae.

"Hiki ni cha kusini mwa Ufaransa," alisema. "Leta kofia yangu, Mama Rosine. Jua la kule halina adabu."

Alijua kwa sababu zamani, huko Uvira, Kongo, mapadri walikuwa wakimpa kalenda zenye picha za vijiji vya namna hiyo, naye akizitundika darasani alikofundisha. Aliota kuvitembelea kimoja baada ya kingine. Badala yake vita vilimpeleka kambini, kambi ikampeleka Birmingham, na huko Birmingham kiharusi kikamkuta, kikamwachia mguu wa kuume usiojua tena ngazi. Mahali tambarare alitembea vizuri tu. Lakini lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu Krismasi ya mwaka juzi, milango yake yote imefungwa utepe wa njano, na ofisi ya nyumba za halmashauri ilikuwa ikisema kwamba kipuri kiko njiani. Vijana wa kanisa walijaribu mara moja kumshusha na kiti kumpeleka hospitali. Kiti kikawaponyoka kwenye kona. Tangu siku hiyo Ignace alikataa kubebwa, akasema yeye si gunia la mihogo.

Kilichomuuma hasa si kukosa hewa ya nje, ni wageni. Kwao mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unamsindikiza, na maneno yenye maana huwa ndiyo yale yanayosemwa njiani. Ignace alizoea kusema kwamba anayeagwa mlangoni amefukuzwa, na kwa hesabu hiyo alikuwa amemfukuza kila mtu, hata mchungaji. Na sasa Rosine, binti yao, alikuwa anaolewa na Mardochée wa mtaa wa Kingstanding. Mahari ilikwisha kutolewa. Siku ya kuondoka, baba humshika binti mkono, akamfikisha mpaka garini, akamkabidhi huko. Kwa jambo hilo moja Ignace alikuwa hapati usingizi.

Basi siku ile ya kwanza uzio wa chuma wa roshani ulifunguka mahali ambapo hapakuwa na bawaba, na Ignace akavuka, kofia kichwani, ndara miguuni. Akazunguka uwanja. Alimsalimia kwa Kifaransa mama aliyekuwa akifagia mbele ya duka la mikate, akawatazama wazee waliokuwa wakirusha tufe za chuma mchangani, akawaambia nani ameshinda. Alirudi jioni, uso umeiva. Kilima kikaondoka zake, na baada ya siku chache kikaja kingine.

Vilikuja hivyo kiangazi kizima. Kimoja kilizungukwa na maua ya zambarau yanayonukia kama sabuni, kingine kilikuwa na ngome iliyobomoka na paka wengi. Katika kila kijiji uwanja ulikuwa juu, na chini yake vichochoro vyote vilishuka kwa ngazi za mawe. Ignace alifika kwenye ngazi ya kwanza, akachungulia, akageuka. Ufaransa aliijua kwa juu tu.

Thérèse aliona kwamba vijiji ni wageni, maana ndivyo vilivyokuja, na anayekuja kwako haondoki na njaa. Kwa hiyo aliweka sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na bugali kwenye ukingo wa chemchemi. Jioni sahani ilirudi imeoshwa, ndani yake tini mbili. Akaridhika. Watu wanaojua kwamba sahani hairudi tupu ni watu waliolelewa.

Jirani yao Swaran, mzaliwa wa Kisumu, ndiye aliyekuwa na malalamiko.

"Mama Rosine, hii kijiji yenu ya leo iko na vumbi sana," alisema kwenye roshani yake, akikung'uta nguo. "Shuka zangu zimekuwa rangi ya chapati. Ile ya juzi ilikuwa na adabu."

Thérèse alimpelekea tini.

Mwezi wa nane mtu wa ofisi ya nyumba alikuja kuhusu lifti. Alipanda ngazi zote, akafika hana pumzi, akapewa maji. Alikuwa kijana mpole. Akamwona Ignace amekaa chini ya mti uwanjani, akaona na kanisa, akapiga picha. Kisha akamweleza Thérèse kwamba jambo lao lilikuwa la dharura kwa sababu mzee hakuweza kutoka nje. Sasa anatoka. Kwa hiyo watangojea pamoja na wengine. Alishukuru kwa maji, akashuka.

Siku ya Rosine kilikuja kijiji kidogo kuliko vyote, kengele inalia. Mardochée na ndugu zake walikuwa chini, gari limepambwa. Ignace alivaa suti, akamshika binti yake mkono.

"Papa, it's okay," Rosine alisema. "Tuagane tu hapa mlangoni. Really."

"Wewe sikufukuzi," Ignace alimjibu.

Wakavuka roshani, wakazunguka chemchemi polepole, baba akisema na binti akiitikia kwa kichwa. Alichomwambia ni chao. Wakafika kwenye ngazi za mawe. Chini yake palikuwa na mizabibu na barabara nyeupe, na barabarani hapakuwa na gari. Ignace akasimama. Akambusu kwenye paji la uso, akamwachia mkono. Rosine akarudi kwa kupitia jikoni, akakusanya gauni lake, akashuka ghorofa tisa na mama yake nyuma akibeba sanduku.

Garini Rosine aliuliza Papa yuko wapi. Thérèse alimwonyesha. Juu kabisa, kati ya mashuka ya Swaran na mnara wa kanisa, palikuwa na mtu mwenye suti, ameegemea ukuta wa kijiji, anapunga mikono yote miwili. Chuma chake cha kutembelea alikuwa amekiacha.

Gari likaondoka. Thérèse akapanda, akipumzika kila ghorofa, na kila ghorofa utepe wa njano ulikuwa mahali pake. Alipofika, kijiji kilikuwa kimekwisha kwenda. Ignace alikuwa amekaa jikoni, kofia magotini.

"Nilimfikisha wapi?" aliuliza.

"Mbali, Papa Rosine. Ulimfikisha Ufaransa."

"Lakini si garini."

"Hapana," Thérèse alisema. "Si garini."

Akachukua sahani iliyorudi na tini, akaiweka kabatini, akateleka maji ya chai.