Mkono wa Phineas na Tangazo la Tatu

Msiponiamini sitakasirika, nimezoea. Lakini mwaka uliofuata lile Kongamano kubwa la Ekaristi la Nairobi, kanisa letu la Malindi lilibaki tupu saa ya Misa ya Jumapili, watu wote wamesimama nje juani, kwa sababu ya mkono wa mpishi mmoja. Nilikuwepo. Nilikuwa napiga ngoma ya kwaya, na mpiga ngoma huona kila kitu kwa kuwa hana kitabu cha kutazama.

Mpishi mwenyewe aliitwa Phineas, kijana wa Kikamba, mfanyakazi wa hoteli moja ya ufuoni ambako Waitaliano walikuja kuungua jua kwa hiari yao. Alikuwa amemchumbia Zipporah, fundi wa cherehani, Mkamba mwenziwe, ila huyu alizaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata wauza samaki wa sokoni wakimpunguzia bei kabla hajaomba. Mbuzi walikwisha chaguliwa. Yalikuwa yamebaki matangazo tu, maana kwetu padri husoma majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo, na kila mara huuliza kama yupo anayejua kizuizi. Tangazo la kwanza lilipita vizuri. Jumapili ya tangazo la pili ndiyo iliyotuletea balaa.

Siku hiyo Phineas aliteuliwa kupeleka matoleo. Wenzake walibeba nazi na mahindi, yeye akapewa jogoo. Jogoo huyo hakuwa wa kawaida. Alikuwa na miguu ya mbuni na roho ya askari wa forodha. Alipofika mbele akaiona mishumaa ya altare, akadhani kumekucha mara ya pili, akawika, akajipigapiga, kucha zikanasa kwenye shati la Phineas na kulichana mkono mzima, kutoka begani hadi kwenye kifungo.

Tukamwona Bikira Maria. Alikuwa kwenye ngozi ya mkono wa kushoto wa Phineas, chini ya kiwiko, amechorwa kwa wino wa buluu, ametulia, anatutazama. Siku hizi vijana wanaita tatuu. Sisi tuliita chale za wino, na tulikuwa tumeziona kwa mabaharia tu, tena kwao zilikuwa za nyoka na wanawake wasio na nguo za kutosha.

Padri akaendelea na Misa kama vile hakuna kilichotokea. Alikuwa mzungu mzee, amekaa pwani mpaka Kiswahili chake kimeota mvi. Mwishoni akasoma majina, akauliza habari ya kizuizi.

"Kipo, Padri!"

Huyo alikuwa Mzee Gitau, mwenyekiti wa baraza la parokia, mwenye duka la misumari na rangi. Alikuwa mtu wa haki, hilo simnyimi, ila haki yake ilikuwa na pembe kama ubao ambao haujapigwa randa. Alivaa shati la Kongamano kila Jumapili, na siku hiyo alilinyoosha kwanza kabla ya kusema.

"Sheria ya Musa imekataza watu kuchora miili yao. Na mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nani huandika ukutani mwa hekalu?"

Zipporah alikuwa ameketi upande wa wanawake. Akainuka.

"Shikamoo, Mzee Gitau."

"Marahaba, binti."

"Ukuta huu hapa umechorwa Njia ya Msalaba, vituo vyote, mpaka punda wa askari yupo. Na rangi tuliinunua dukani kwako."

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakasogea. Gitau naye alikuwa na jibu.

"Rangi yangu hufutika, binti! Hiyo ya mchumba wako haifutiki mpaka kaburini. Leo ni Bikira Maria. Kesho kijana mwingine atakuja na kichwa cha chui kifuani, tutamwambia nini? Phineas akaufute mchoro wake kwanza, ndipo aoe."

Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu swali la chui lilikuwa swali la kweli. Kibaya zaidi, Mama Jedida, mamake Zipporah, alitoka nje bila kumwamkia mtu. Jioni alitoa msimamo wake: baraza lisipomsafisha Phineas, yeye hatakanyaga harusini. Na Zipporah hakuwa na mzazi mwingine. Wenye kumjua walisema afadhali avae gauni la gunia kuliko kuolewa mamake akiwa amejifungia nyumbani.

Siku ya pili yake Padri aliwaita wachumba sakristia, chumba anachovalia mavazi ya Misa. Mimi nilikuwa hapo nyuma nikikaza ngozi ya ngoma, kazi ambayo nikitaka kusikiliza huchukua muda mrefu sana.

"Sasa niambie," Padri alimuuliza Phineas, "umejichora kwa nini?"

"Medali, Padri. Mimi na medali hatuelewani. Ya ubatizo ilimezwa na bahari ya Watamu. Ya pili iliponyoka shingoni nikikanda unga, ikaokwa ndani ya mkate. Ya tatu ilitumbukia kwenye supu ya kamba, na Mjerumani mmoja akaing'ata, jino likabaki mezani. Meneja akaniambia nikivaa nyingine, nitafute kazi Kikambala. Halafu akaja mgeni, Mwitaliano, fundi wa kuchora ngozi. Alipenda kamba wangu wa nazi mpaka akalia. Nikamwambia usinilipe, nichoree Mama hapa, mahali ambapo hawezi kuniangukia kwenye sufuria."

Padri alishika mdomo wake kwa mkono, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

"Ulitaka watu wakuone?"

"Ningetaka hivyo, Padri, ningevaa mikono mirefu kwa joto hili?"

"Sheria ile," Padri akasema, "waliwekewa watu wa zamani, wasije wakajichanja kwa ajili ya wafu na miungu ya majirani. Sheria hiyo hiyo inakataza kamba, kaa na pweza. Tukiifuata yote hoteli yako itafungwa, na mimi nitakufa njaa. Kanisa halikusema kuchora ngozi ni dhambi kwa jina lake. Linatazama umechora nini, umechora kwa nia gani, na kama umejidhuru au umetaka kumchukiza mtu. Wewe uko salama."

"Basi tangaza, Padri!" Zipporah akasema.

"Nikiamuru mimi, mtaoana, na mama yako atabaki nyumbani. Watu watanyamaza kwa kuniogopa, kisha watasema nyuma ya nyumba zao miaka yote. Ninyi mnataka hivyo?"

Zipporah alitikisa kichwa. "Nataka mama acheze mbele yangu."

"Basi mwacheni Mzee Gitau aongee. Ni mtu wa haki. Mtu wa haki ukimpa nafasi ya kutosha, atafika mwenyewe."

Sikuelewa maana yake. Nilielewa Jumapili.

Baraza lilikaa katikati ya wiki. Sasa Gitau hakutaka isemwe kwamba anamwonea Phineas peke yake, eti Mkikuyu amemwandama Mkamba. Akatafuta maneno ya kumgusa kila mtu sawa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, nami nasema ni kosa la mtu mwema. Siku ya tangazo la tatu, Padri akiwa bado anavaa sakristia, Gitau alisimama mbele, akasoma kwa sauti ya kufungua mkutano:

"Baraza limeamua, bila upendeleo. Yeyote ambaye mwili wake, toka unywele hadi ukucha, umetiwa alama ambayo Mungu hakumpa tumboni mwa mamake, asikaribie altare mpaka jambo hili limalizike."

Nzi mmoja alipita, nikamsikia akigeuka.

Bibi Sidi, mwanamke mzee wa Kigiriama kutoka Dabaso, akaokota fimbo yake. Huyu ndiye aliyebeba maji kwa kichwa wakati kuta hizi zinajengwa. Alifunga leso yake vizuri, akaanza kwenda mlangoni pole pole.

"Bibi, unakwenda wapi?" Gitau akauliza. "Wewe hukutajwa!"

"Nimetajwa, mwanangu. Tumbo langu lina chale za usichana wangu, safu kwa safu. Zilinipendeza, hata mume wangu alikuja kuniposa mbio. Padri aliyenibatiza aliniuliza kama nampenda Mungu, hakuniuliza habari ya tumbo. Sasa wewe umeuliza. Natoka."

Nyuma yake wakainuka wanawake wa Kigiriama wote, benchi moja baada ya jingine. Kaingu mvuvi akafungua kifungo, akatazama kifua chake alichochanjwa utotoni alipougua, akachukua kofia yake. Kisha mwalimu wa kwaya akasema, "Jamani, mimi nina kovu la chanjo ya ndui begani. Mungu hakunipa tumboni, nilipewa na serikali." Ehe! Nani hakuwa na kovu la ndui miaka ile? Kwaya nzima ikainuka. Nikabeba na ngoma. Wanawake wa bara wakashika masikio yao yenye vipuli, wakatoka. Hata katoto kamoja kachanga kalikuwa na kidonda kibichi cha sindano ya kliniki. Mamake alikatoa huku akikaomba radhi.

Akabaki Mama Jedida, ameketi wima, mdomo ameubana kama mkoba wa posta.

Bibi Sidi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Jedida, shoga yangu. Hebu tabasamu."

Jedida akakataa kwa kichwa.

"Tabasamu kidogo tu, tukuage."

Mnajua Wakamba wa umri ule walikuwa wakichonga meno ya mbele, yakawa na ncha nzuri, mtu akicheka unaona uzuri wake toka mbali. Jedida alichongwa yake akiwa msichana kwao Machakos, na kwa patasi, si kwa sindano. Akajaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha kikamtoka kicheko kilichowaamsha popo wa dari, meno yote nje, machozi yakimtiririka.

"Ooo, Sidi, umeniua!" akasema. "Mkwe wangu amechora Mama wa Mungu, mimi nimechonga meno ili nionekane mrembo kwenye ngoma! Nani kati yetu anahitaji kuungama?"

Akamwendea Phineas mlangoni, akaushika ule mkono, akautazama mara ya kwanza kwa makini. "Mwitaliano amemnenepesha mashavu," akasema. "Lakini ni yeye."

Sasa ndani amebaki mwanadamu mmoja. Gitau alisimama na karatasi yake mbele ya mabenchi matupu. Padri akatoka sakristia amevaa kijani, akatazama huku, akatazama kule.

"Mzee mwenyekiti, tumebaki mimi na wewe. Tuanze?"

Gitau aliinua mkono polepole hadi kwenye sikio la kulia. Alikuwa na desturi ya kuikunja ndewe ya sikio na kuipachika juu, unafikiri ni sikio la kawaida. Akaifungua. Ikashuka, ndefu, na tundu la kupita kikombe cha kahawa, namna Wakikuyu wa rika lake walivyotobolewa wakiwa wavulana. Sisi tuliokuwa madirishani tuliiona ikishuka, na naapa ilichukua muda, kama bendera inapoteremshwa jioni.

"Padri," akasema, "anza wewe na malaika. Mimi nami natoka."

Na akatoka kweli, ameinua kichwa, sikio linaning'inia. Nakwambieni, nimewaona wakubwa wengi wakishindwa, lakini aliyetembea vizuri hivyo sijamwona mwingine. Hakuna aliyemzomea. Bibi Sidi alimsogezea nafasi kwenye kivuli cha ukuta.

Padri akatufuata nje na mavazi yake. Akatuambia yale aliyowaambia wachumba sakristia, pweza wakiwemo, na watu wa hotelini wakapiga makofi hapo. Gitau akainua mkono.

"Nimekubali, Padri. Lakini swali langu la chui bado liko palepale."

"Na ni swali zuri," Padri akasema. "Akija huyo wa chui tutamketisha chini, tumuulize kwa nini. Kama anataka kutisha watu au kujisifu, tutamwambia kweli. Lakini tutamuuliza kwanza. Phineas hakuna aliyemuuliza."

Gitau akafikiri. Akamgeukia Phineas. "Haya, nakuuliza. Kwa nini?"

Phineas akaeleza mbele ya umati wote: bahari, mkate, supu na jino la Mjerumani. Alipofika kwenye jino, Gitau alikuwa ameegemea ukuta anashindwa kupumua kwa kucheka, na ile ndewe inacheka peke yake.

Tuliporudi ndani, mwenyekiti aliomba tangazo la tatu alisome yeye. Alilisoma kwa nguvu, wakalisikia mpaka sokoni. Akauliza kama yupo anayejua kizuizi, na akatukazia macho kila mmoja kama anayesema thubutu! Vigelegele vilianzia kwa Jedida. Ngoma yangu ilipasuka siku hiyo, nami sikudai ngozi mpya.

Harusi ilifungwa Jumamosi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nana Shekha, jirani yao Mwislamu ambaye hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyemkosa, alikuwa amemchora Zipporah hina toka vidole hadi viwiko, maua yanayopandana kama mizabibu. Mama Jedida alicheza mbele ya mwanawe kutoka kanisani hadi nyumbani, njia nzima, viatu mkononi, meno yake yanang'aa, na wauza samaki wakaacha meza zao wakaingia nyuma ya kwaya. Mzee Gitau alibeba mwavuli wa bibi harusi. Mtalii mmoja alipotaka kupiga picha, Gitau alimsimamisha, akamwambia kwa Kiingereza chake cha dukani asogee upande wa pili, ili ule mkono wa Phineas uonekane vizuri.