Mafuta Yasiyofutwa

Balaa lilianza kwa sababu Mzee Bertrand hakuvaa miwani. Alikuwa gereji, nyumbani kwake Morningside, akiyapaka mafuta maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, ili ayabane kwenye tundu la chuma la ile mashine yake ya mkono yarudie umbo la awali. Bila mafuta ganda hukwama humo, na Mzee hutukana kwa Kifaransa mpaka mbwa wanatoka nje.

Siku hiyo mbwa walilala.

"Mama Ineza, leo inateleza muzuri sana," alisema. Ni Mbelgiji aliyezaliwa Lubumbashi, na Kiswahili chake kilibaki kulekule. "Sasa kamata kitambaa na spiriti, futa yote. Mchana ninatia baruti, kesho asubuhi ninaenda kuwinda."

Libérate, mamake Ineza, mjane wa Kirundi aliyemfanyia kazi za nyumba, alikaa kwenye stuli, akanyoosha mkono kuchukua ganda la kwanza, akaiona chupa. Chupa yake. Aliiweka pale mezani alipokuwa akivaa eproni: mafuta ya upako, yaliyoombewa kwa kufunga kwenye kanisa lao la Umbilo, juu ya duka la matairi. Ilibaki nusu. Ya Mzee, inayofanana nayo kama pacha, ilikuwa kando, haijaguswa.

Na kanisani kwao sheria ni hiyo: mafuta ya upako hayafutwi. Yakikudondokea kwenye gauni jeupe, unarudi nalo nyumbani hivyohivyo. Mama Marie-Louise yalimwingia machoni, akalia ibada nzima bila kujipangusa, watu wakadhani ni Roho.

"Patron, nikiacha kufuta inakuwa nini?"

"Ndani, mafuta inaharibu baruti. Inje, ganda inateleza, haishike ukuta wa mtutu. Nguvu yote inarudi huku nyuma." Akajigonga shavuni, chini ya jicho. "Na mimi niko huku nyuma."

Angemwambia ukweli, Mzee angecheka, kisha angeyafuta maganda mwenyewe bila miwani, na nusu yake yangebaki na mafuta. Libérate alimjua. Akatoka uani, akampigia Pastor Zénon, akamweleza yote.

"Hayafutwi, Mama Ineza," alisema Pastor. "Yanakauka yenyewe."

"Yanakauka lini?"

"Kwa wakati wa Bwana."

"Pastor, Mzungu anakwenda kuwinda kesho."

"Anawinda nini?"

"Swala."

"Na huwa anakukumbuka?"

"Hunipa mguu."

"Eish." Pastor akakohoa, sauti ikarudi laini. "Unajua, Maandiko tunatakiwa kuyasoma kwa mapana. Futa tu, mama. Na huo mguu upitie kwangu, niubariki."

Libérate aliitazama simu kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Magauni yote yale waliyoyaharibu, kumbe sheria inalegezwa na paja la swala. Kwa hasira alitaka aache kufuta, amkomoe Pastor. Lakini jicho halikuwa la Pastor.

Akarudi kwenye stuli. Akachukua ganda, akalizungusha ndani ya kitambaa chenye spiriti, akapindisha ncha ya kitambaa akaiingiza mdomoni mwa ganda, akaitoa. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mungu wangu, si kwa ajili ya nyama. Ni jicho la mzee huyu, ambaye hata kanisani haendi.

"Unasema na nani?" aliuliza Mzee Bertrand.

"Ninaomba ruhusa ya kufuta."

"Lakini niliisha kukupa."

"Wewe ni wa pili, Patron. Na ule mguu, safari hii umpe jirani."

Mzee alimkodolea macho. "Mguu hautaki? Na maini?"

Libérate alilipeleka ganda kwenye mwanga, akalipapasa kwa kidole, kavu. Akafikiri kidogo.

"Maini Pastor hakuyataja," alisema, akachukua lingine.