Matairi ya Mkwe

1.

TANGAZO

Ofisi ya Kijiji inawatangazia wakazi wa Kitongoji cha Juu kuwa mashine ya kupukuchua mahindi ya Mama Tusekile itafika Alhamisi. Isipofika, kazi atapewa mwenye trekta.

Mvua haimsubiri mtu.

(Sentensi ya mwisho mwenyekiti aliiongeza kwa kalamu.)

2.

Mashine hukaa juu ya tela, tela huvutwa na pikapu. Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya dizeli, mlango mmoja hufungwa kwa kamba ya katani. Marehemu mume wa Tusekile alipanda nayo mlima ule kila mavuno, tela nyuma, huku akipiga mluzi.

Mwaka huu ilifika kona ya pili, ikatetemeka, ika

3.

Kimya.

4.

Bombani, wanawake wakikinga maji:

"Gari limezeeka."

"Gari au mwenyewe?"

"Shh, anakuja. Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Nimewasikia. Mwenyewe bado anaupanda mlima kwa miguu, na ndoo kichwani."

5.

Fundi Gwakisa akakung'uta chujio la hewa, likamwaga vumbi la kutosha kupandia mchicha.

Akapima valvu.

Akasafisha nozeli.

Akanywa chai.

Injini ikanguruma kama fahali. Wakafunga tela, wakaenda. Kona ya pili, kimya kilekile.

6.

"Kitendawili," Tusekile akamwambia.

"Sasa hivi, mama?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Tangu arefushwe miguu, hawezi tena kupanda ngazi."

Gwakisa akacheka. Akajifuta mikono. Akaacha kucheka, akachuchumaa mbele ya gurudumu.

7.

Wewe unayesoma, hebu panda mlima na gunia mgongoni. Ukipiga hatua fupi, utafika. Ukirefusha hatua, magoti yatakusaliti. Basi tairi kubwa ni hatua ndefu: likizunguka mara moja linataka kufika mbali, na injini ikienda polepole haina pumzi ya kulizungusha. Tambarare gari linakimbia, watu wanashangilia. Mlimani linakufa.

"Tungebadilisha difu, ile gia ya ekseli ya nyuma," Gwakisa alisema, "tuweke ya kuvuta. Lakini mpaka ipatikane mjini, mahindi yatakuwa yameota. Au tuvue matairi haya, turudishe yale madogo ya zamani."

Tusekile akapapasa tairi la mbele kwa kiganja.

8.

Angeyavuaje? Matairi makubwa aliyaleta mkwewe, Lusajo, mume wa binti yake Subilaga, siku ya kumshukuru kwa kumlea mke huyo. Yalikuja yamefungwa vitenge kama wanawali wanne. Vigelegele vikapigwa, yakafungwa palepale uani. Na zawadi ya mkwe haivuliwi mpaka mshenga aende kuomba ruhusa. Ukiivua kimya kimya, umemwambia: sikutaki.

Mshenga yuko msibani, Chunya. Simu yake haipatikani.

Jioni ile matone yaligonga bati. Machache tu, kama mtu anayebisha hodi.

9.

TAARIFA (haikubandikwa popote, Tusekile aliitunga akichochea ugali)

Mimi, Tusekile, mama mkwe, kwa heshima zote, nime

Mimi, Tusekile, ninaomba

Yavue, Gwakisa.

10.

Asubuhi ya Alhamisi matairi makubwa yamelala uani kama ng'ombe wanaocheua. Pikapu imekuwa fupi, imechuchumaa. Pikipiki ikaingia.

Lusajo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Ni mazuri kuliko kazi yangu."

"Ndugu zangu wataniuliza."

"Waambie mvua ilinitangulia. Mshenga yuko msibani, baba. Ningemtuma nani kwako, mbuzi?"

Alikaribia kucheka. Hakucheka. Akatazama matairi, akatazama tela, akatazama mawingu.

11.

Gwakisa kashika usukani, Tusekile kakaa kando yake. Gia ya kwanza.

Mlima huu una desturi yake: nyuma ya tela lazima mtu atembee na jiwe, gari likianza kurudi nyuma aliweke chini ya gurudumu. Leo hakuna aliyeombwa kazi hiyo. Lusajo ameinama, ameokota jiwe.

12.

Kona ya kwanza.

Kona ya pili. Injini inaguna,

inaguna,

inavuta.

"Usiikimbize," Tusekile anasema. "Hatua fupi."

13.

Kona ya tatu, ambayo mwaka huu walikuwa hawajaiona. Kwenye kioo Tusekile anamtazama mkwewe: jasho, matope mpaka magotini. Tangu watoke uani hajatamka neno.

Wala jiwe hajaliweka chini.