Omena za Mama Joash

Persis alimkuta paka wake, Mawingu, amejikunja chini ya meza, mate yanamchuruzika na miguu inamtetemeka. Hakutaka kufikiri mara mbili. Juzi kifaranga wa jirani yake Bathsheba alipotea, na Bathsheba akamtupia Mawingu kipande cha kuni. Leo asubuhi mwanamke huyohuyo alikuwa uani akimrushia paka vichwa vya omena, vile vidagaa vya ziwani.

"Ametiwa sumu," Persis alimwambia mumewe, Onsongo.

"Na nani?"

"Wewe unadhani ni nani?"

Alizoa omena zilizobaki, akazifunga kwenye karatasi, akamtia paka kikapuni. Langoni alikutana na Bathsheba.

"Mama Ashley, paka anaumwa?"

"Muulize aliyemlisha," Persis alijibu, akapita.

Huko Suneka, daktari wa mifugo, Nyabuto, hakuzigusa zile omena. Alimnusa paka shingoni.

"Mmenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe?"

"Jana. Mzee ndiye aliyenyunyiza."

"Na huyu hulala wapi?"

"Stoo," Persis alisema, kisha akakumbuka. Mawingu alilala juu ya gunia, na Onsongo alikuwa ameiweka pampu ya dawa inayovuja juu ya gunia hilohilo.

"Ameilamba dawa kwenye manyoya yake," daktari alisema. Alimdunga sindano, akamwosha kwa sabuni na maji vuguvugu. "Bahati yako umewahi."

Jioni Persis aliipeleka pampu kwenye kabati lenye kufuli, pamoja na dawa ya panya iliyokuwa wazi dirishani tangu Krismasi. Gunia alilitupa. Onsongo alinung'unika kwamba sasa hata dawa ya ng'ombe aombe ruhusa.

"Utaomba," Persis alimwambia.

Kesho yake alijikokota hadi kwa Bathsheba, ambaye alikuwa akimenya ndizi mlangoni.

"Mama Joash, nilikukosea. Ilikuwa dawa yetu wenyewe."

Bathsheba hakuinua kichwa. "Kifaranga wangu alibebwa na mwewe. Juzi nilimwona mwingine kwa macho yangu akibebwa. Nikaona nimempiga paka wa watu bure, nikampa omena."

"Sikujua."

"Ungeniuliza."

Persis alibaki amesimama mlangoni. Hatimaye Bathsheba alimsogezea kigoda kwa mguu, bado hamtazami.

Persis aliketi, akachukua ndizi moja na kuanza kuimenya.