Akaunti ya Mzee Droo

Katika kampuni ile ya mafundi wa lifti, kila mtu alikuwa na jina alilopewa na wazazi na jina alilopewa na karakana, na la karakana ndilo lililodumu. Msimamizi wa kompyuta aliitwa Dada Funguo. Hakubeba funguo zozote. Ila yeye ndiye aliyewafungulia watu akaunti, akazifunga walipoondoka, na kila Jumatatu akawarudishia maneno yao ya siri, maana siku mbili za mapumziko zilitosha kumsahaulisha mtu mzima neno alilolitunga mwenyewe kwa akili zake timamu. Aliipenda kazi hiyo na hakuona haya kusema hivyo. Wengine hujisifia mapishi. Yeye alijisifia seva isiyozima.

Mwezi ule kampuni ilikuwa inahama. Jengo lilikuwa lilelile, na feni zilikuwa zilezile zenye kelele. Kilichohama ni mfumo. Kwa miaka kumi walikuwa wakiandikiana kwenye programu kuukuu, mafaili wanayaweka kwingine, na mikutano wanaifanyia kwenye programu ya tatu ambamo nusu ya kikao ilipotea watu wakiulizana kama wanasikika. Sasa vyote vingekaa mahali pamoja. Tangazo lilitoka kwamba Ijumaa saa sita mchana mfumo wa zamani unazimwa. Mwenye namba ya mfanyakazi atahamishiwa kwenye mpya; asiye nayo, akaunti yake itafutwa pamoja na kila kilichomo. Meneja, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alimwita Dada Funguo akamwambia anataka orodha safi. Kila akaunti isiyo na mwenyewe iondolewe.

Kusafisha orodha ya akaunti ni sawa na kusafisha uvungu wa kitanda. Alikuta akaunti ya mashine ya kuchapia iliyokufa zamani. Alikuta akaunti tatu za dereva mmoja, ambaye kila aliposahau neno la siri aliona heri aanze maisha mapya. Alicheka peke yake, akafuta, akasonga mbele. Ndipo alipofika mstari wa mia moja na kumi na mbili akaacha kucheka. Ilikuwa akaunti ya mtunza ghala wa zamani, Mzee Droo, aliyestaafu miaka minne iliyopita. Mzee Droo alikuwa baba yake mzazi.

Hapa inabidi ukweli usemwe, maana mwenyewe hakuusema kwa siku kadhaa. Siku ya kumuaga mzee, palikuwa na karatasi ya mambo ya kukamilisha: arudishe funguo za ghala, arudishe sare, akaunti yake ifungwe. Mengine yote yalifanyika. La mwisho lilikuwa la Dada Funguo, na alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta aifunge akaunti, ndipo akasikia kutoka chini kwamba keki inakwisha. Akasema kesho. Kesho ikazaa kesho, nazo zikapata wajukuu.

Hilo peke yake lingekuwa kosa dogo, la kufuta kimyakimya na kumeza mate. Lakini pembeni ya jina palikuwa na safu inayoonyesha mara ya mwisho akaunti kutumika, na safu ile ilisema: leo, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Akafungua kumbukumbu za nyuma. Jana pia. Juzi pia. Kila siku ya kazi, miaka minne mfululizo, kuna mtu aliingia kwenye mfumo kwa jina la baba yake.

Kwenye akaunti ile kulikuwa na michoro ya lifti za nusu ya majengo ya mji, na namba za kufungulia vyumba vya mitambo. Mwizi angeweza kufanya atakalo. Na meneja akijua kwamba mlango uliachwa wazi miaka minne, tena mlango wa mzazi wa msimamizi mwenyewe, Dada Funguo angebebeshwa vitu vyake kwenye boksi kabla chai yake haijapoa. Aliipenda ile kazi, na jina lake zuri aliliokoteza kidogokidogo. Hakutaka lipotelee kwenye kipande cha keki.

Angeweza kufungua mazungumzo na kusoma mwizi ameandika nini. Hakufanya hivyo. Tangu siku ya kwanza alijiwekea sharti kwamba mwenye ufunguo wa vyumba vyote haingii chumba cha mtu. Akaamua kufuata nyayo tu. Kila anayeingia kwenye mfumo huacha namba ya laini ya intaneti aliyotumia, na namba ya mwizi ilikuwa moja, haibadiliki. Aliiandika kwenye kiganja kwa kalamu, akashinda nayo siku nzima kama mtoto mwenye majibu ya mtihani.

Jumatano ilikuwa siku yake ya kufanyia kazi nyumbani. Aliweka kompyuta kwenye meza ya chakula asubuhi na mapema, akafungua orodha ya walioingia, akaona mistari miwili imekaa juu na chini. Mmoja ulikuwa wake. Mwingine ulikuwa wa mwizi. Namba ya laini ilikuwa ileile moja.

Akageuza shingo taratibu kutazama chumba cha nyuma. Mama yake, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, akamwambia asimsumbue baba yake, yuko kazini. Mama alikuwa akisema maneno hayo kila asubuhi tangu wazee walipohamia kwake, na kila asubuhi binti aliyachukulia kuwa ni kumtania mzee asiye na la kufanya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba huenda kimevaa fulana na miwani na kinaletewa chai.

Mzee Droo alikuwa amekaa dirishani, kishikwambi amekiegemeza kwenye kopo la sukari, anaandika kwa kidole kimoja. Alikuwa anamwelekeza fundi mmoja aitwaye Ghorofa, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu hakuonekana ardhini. Ghorofa alikuwa amekwama na mlango wa lifti ya zamani, anatafuta gurudumu lake dogo. Mzee akamwandikia: droo ya kumi na nne, nyuma ya mikanda, limefungwa kwenye gazeti. Alipoona kivuli cha binti yake hakushtuka hata kidogo. Alieleza tu kwamba mtunza ghala wa sasa ni hodari, anaijua kompyuta kuliko wote, tatizo ni kwamba kompyuta haizijui droo.

Dada Funguo akakaa kitandani. Akamweleza habari ya Ijumaa, jinsi akaunti zisizo na namba ya mfanyakazi zitakavyofutwa, na kwamba hana njia ya kuikwepa. Alijiandaa kwa ugomvi. Mzee hakugomba. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la fulana, muda mrefu, hata kioo kingechanika kama kingekuwa kitambaa.

"Hata hivyo umenivumilia sana," akasema.

"Nimekuvumilia nini, baba?"

"Si huu mlango? Asubuhi ile baada ya sherehe niliamka saa yangu ya kazi, sina pa kwenda. Nikajaribu kuingia, najua umeshafunga. Ukafunguka. Nikamwambia mama yako, huyu mtoto ana moyo. Hakunipa pole, hakunipa hotuba, ameniachia mlango tu. Ndiyo maana sikukuuliza miaka yote hii. Niliogopa tukilitaja, itakubidi uufunge."

Binti akahisi uso unamuwaka. Alitaka kusema kweli palepale, lakini akasema tu, haya baba, akatoka akaenda kuosha vikombe ambavyo mama yake alikuwa ameshaviosha. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona uchungu wa kusifiwa kwa wema asioufanya.

Alhamisi alishuka karakana kumuuliza Ghorofa. Ghorofa alijitia hajui, kisha akajua yote. Wote walijua. Mwanzoni walimuuliza mzee swali moja kwa utani, akajibu kabla ya dakika kwisha, na tangu hapo hakuna aliyerudi kutafuta droo kwa macho. Waliliweka moyoni kwa sababu waliamini kitu kizuri kikishapanda ghorofa ya ofisi kinarudi na fomu. Ghorofa alimwomba, kwa sauti ya mtu anayeombea ndugu, asilifikishe kule juu.

Akalifikisha. Mganga hajigangi, lakini msimamizi wa akaunti asiyeweza kutaja akaunti aliyoisahau mwenyewe hafai kupewa za wengine. Alisimama mbele ya meza ya meneja akasema yote: ilikuwa wazi miaka minne, uzembe ni wake peke yake, anayeitumia ni baba yake, na hakuna kilichoibwa ila muda wa mzee. Keki pia aliitaja. Meneja akaweka kalamu chini.

"Kosa ni lako na litaandikwa kwenye faili lako," meneja akasema.

"Sawa, mama."

"Na ile akaunti inafungwa leo. Usiniambie kesho."

"Sawa, mama."

Meneja akatazama dirishani kidogo. "Jumatatu fundi akitaka kujua droo, atamuuliza nani?"

Swali hilo Dada Funguo alikuwa amekesha nalo moyoni, na jibu alikuwa nalo. Mfumo mpya ulikuwa na nafasi ya mgeni. Mgeni huingia kundi moja tu, haoni mafaili wala michoro, na ukaribisho wake hudumu siku tisini. Zikiisha, aliyemkaribisha asipouthibitisha tena kwa jina lake, mlango unajifunga wenyewe. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akatoa masharti mawili. Mzee aweke sahihi ya kutunza siri za kampuni, na kila droo atakayoitaja mtunza ghala aiandike, ili siku moja kompyuta nayo izijue. Kisha akaongeza kwamba jina la mkaribishaji liwe la Dada Funguo, ajue wa kumuuliza. Kwa meneja yule, huo ulikuwa msamaha, tena wa kupigiwa vigelegele.

Akarudi mezani kwake akaifunga akaunti ya zamani kwa kidole chake mwenyewe. Ilichukua kama sekunde mbili. Alikaa akiitazama nafasi tupu kwenye orodha, akajishangaa kwamba kitu cha sekunde mbili kilimshinda miaka minne.

Ijumaa mfumo ulihama salama. Saa sita kamili programu kuukuu ikazima bila kuaga, mpya ikawaka, na mafundi wakaanza kujaribu kila kitufe, hata cha kumpigia meneja kwa video. Dereva alidumu na neno lake jipya la siri dakika ishirini. Dada Funguo alikimbia huku na huku, jasho linamtoka, ana raha kama mwenye harusi. Saa tisa aliomba ruhusa akaenda nyumbani.

Mzee alikuwa ameshaisoma karatasi ya siri mara tatu na kuitia sahihi kwa herufi kubwa. Binti akashika kishikwambi, akaweka programu mpya, akathibitisha kwa namba iliyoingia kwenye simu ya mama, kwa sababu ya mzee haikuwa na chaji. Kundi la ghala likafunguka. Pale juu lilitokea jina la mzee, na ubavuni pake neno dogo la kijivu: Mgeni.

Mzee akasogeza miwani. Akauliza mgeni ni nani. Yeye, aliyekaa kwenye ghala lile miaka thelathini na mmoja, akazipanga zile droo kwa mikono yake, leo ni mgeni? Binti akaeleza kwamba ndivyo mfumo unavyoandika, hauna adabu, haumjui mtu. Mama yake akadakia kutoka mlangoni kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa anavyomfahamu huyu, jembe anataka leoleo. Mzee akajaribu kununa akashindwa, maana salamu za karakana zilikuwa zimeanza kumiminika, na Ghorofa, bila hata kusalimu, alikuwa ameshauliza swali.

Kabla ya kujibu, mzee akaona mstari mwingine chini ya jina lake. Ulisema amekaribishwa na nani, na jina lililofuata lilikuwa la binti yake, lile alilompa yeye mwenyewe siku alipozaliwa. Akalisoma kwa sauti, taratibu, herufi zote.

Binti akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Baba, ule mlango wa kwanza sikuuacha makusudi. Niliambiwa niufunge, nikakimbilia keki, nikasahau. Miaka yote minne nilisahau tu. Ulinishukuru bure."

Mama akasimama na kitambaa chake cha vyombo mkononi. Mzee hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa bado chini ya lile jina kwenye kioo, huku Ghorofa akiuliza swali lake mara ya pili.

"Basi mlango huu ndio ulionipa," akasema mzee. "Asante, mwanangu."