Shene Haikazwi Bila Muntu Juu

Pikipiki ya Gédéon ililia tangu njia kuu, ikalia ikipita sokoni, ikalia ikipanda mtaa wa Kilibula. Ilipofika mlangoni pa ua wa mama mukwe wake, shene, mnyororo wake, ikaruka jino, krak, pikipiki ikazimika. Haikuchagua mahali pengine. Mama Geneviève alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni, maana alimsikia mukwe wake tangu mbali kama watu wanavyosikia mvua ikishuka milimani.

"Ni weye?" akauliza. "Nilifikiri ni mashine ya kusaga mihogo."

"Jambo, Mama." Gédéon akashuka, akasimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyompasa mwanaume mbele ya mama aliyemzalia mke. "Nimekuja kuchukua Victoire."

"Victoire iko ndani, nguo zake ziko tayari. Lakini kwa hiyo kitu? Hatoki."

Gédéon alijua uzito wa neno hilo. Tangu Josée, mke wake, afariki, masika yaliyopita, binti yao alikaa kwa bibi yake. Walikubaliana kwamba matanga yakiisha, na baba akiwa na uwezo wa kulea, atakuja amrudishe nyumbani Rugenge. Matanga yaliondolewa Jumapili iliyopita. Akitoka leo mikono mitupu, wajomba watasema wazi yale waliyokuwa wakinong'ona kwenye kilio: mutaximan huyu wa pikipiki hajiwezi, mtoto akulie hapa. Na mtoto akishakulia mahali, kumng'oa ni kazi.

"Ni barabara, Mama," akasema. "Kila mwaka wakubwa wa serikali wanakuja na magari yenye vioo vyeusi, wanapima, wanapigwa picha, wanarudi. Sisi tunabaki na mawe na mchanga. Mchanga unaingia katika shene, unaitafuna kama panya. Hiyo kelele unayoisikia ni ya wakubwa."

"Wakubwa nawajua. Mtoto wangu alifia ng'ambo ya mto kwa sababu daraja waliliwekea jiwe la msingi, na mpaka leo jiwe liko peke yake. Hilo sitawasamehe mpaka kaburini." Mama Geneviève akaisogelea pikipiki, akaunyooshea kidole mnyororo ulioning'inia kama utumbo. "Lakini hii, Ba Victoire, ni mukubwa gani alikukataza kuibadilisha?"

Gédéon akachuchumaa. Akafungua mfuko wake wa turubai, akatoa vitu vilivyofungwa katika karatasi yenye mafuta: shene mpya, pinyo, yaani gurudumu dogo la meno la mbele, na kuroni, lile kubwa la nyuma. Alivinunua kwa Abdoul-Karim, muuza vipuri, akawa anangojea siku isiyo na abiria. Siku kama hiyo haiji kwa mtu anayekula alichokipata asubuhi.

"Viko vyote vitatu," akasema. "Nitafunga hapa hapa, ukitazama. Kabla bugali haijaiva."

"Bugali yangu inaiva haraka."

"Na mikono yangu pia."

Hapo alikuwa amerudi katika nchi yake. Mbele ya wakwe Gédéon alikuwa mtu wa kukosa maneno, lakini mbele ya buloni na spana hakuna aliyemtisha. Akaisimamisha pikipiki, akaanza kulegeza pinyo ya mbele wakati shene ya zamani ingali imeishika; ukiitoa shene kwanza, pinyo inazunguka nawe mpaka jioni. Kisha akavuta shene, ikaanguka mavumbini. Akalitoa gurudumu la nyuma, akaiinua kuroni juani. Meno yake yalikuwa yameinama yote upande mmoja kama ndoano za kuvulia mukeke.

Kichwa cha jirani kikatokeza juu ya uzio wa matete. Alikuwa Zaina, ambaye hakuna jambo la ua ule lililompita.

"Ba Victoire, unatupa kuroni nzima hivyo? Mume wangu anaigeuza tu upande wa pili, inaendelea."

"Ndiyo maana mume wako anafika nyumbani kwa miguu."

Zaina akacheka mpaka akakohoa. Hata Mama Geneviève aligeukia sufuria yake ili asionekane uso.

"Sikiliza, dada," Gédéon akaendelea, bila kuacha kukaza. "Shene mpya kwenye meno ya zamani ni kama bibi-arusi aliyeingia nyumba ya ugomvi. Mwezi hauishi, naye amekuwa mgomvi. Vyote vitatu vinaingia pamoja, vinazeeka pamoja."

Pinyo na kuroni mpya zilipokaa na gurudumu likarudi mahali pake, shene mpya ikapita mbele, ikazunguka nyuma, ncha zake zikakutana juu ya meno ya kuroni. Kibanio kidogo cha kufungia kiungo kina umbo la kisamaki ndagala, kichwa mviringo na mkia uliopasuka, na ndagala huyo lazima aogelee kichwa mbele, kule shene inakokimbilia. Wengi hukosea hapo. Wanafungia upande wa chini, wanamwelekeza kichwa kwenye taa kwa kuwa pikipiki inaenda huko, wamesahau kwamba huko chini shene inarudi nyuma. Basi ndagala anaogelea kinyumenyume. Jiwe moja likimgusa mkia, ametoka, na abiria wako ameketi njiani. Gédéon akamweka ndagala wake sawasawa, akambana kwa koleo, akazungusha gurudumu. Likapita kimya.

"Imeisha?" Mama Geneviève akauliza. Alikuwa amesogea, mwiko mkononi.

"Bado kukaza. Na shene haikazwi bila muntu juu."

"Kwa nini?"

"Pikipiki tupu inakudanganya, Mama. Ukiikaza ikiwa tupu, abiria akikaa inavutika kama kamba ya mbuzi. Inakula meno mapya, au inakatika kwenye mteremko. Lazima iwe na mzigo wake ndipo ukweli uonekane."

Kazi hiyo ilikuwa ya Josée. Alikuwa akikaa juu huku akichambua maharagwe, anamwambia mume wake aharakishe. Mama Geneviève akakitazama kiti kitupu, naye Gédéon akakipangusa vumbi.

Akaiegemeza pikipiki ukutani mwa jiko, akamwita Victoire. Binti akatoka na nguo zake za Jumapili, akapanda. Springi hata hazikusikia kwamba kuna mtu.

"Mwepesi kama kifaranga," Zaina akasema. "Ngojeni nizunguke, nije nikae minye."

"Kaa kwako!" Mama Geneviève akaweka mwiko juu ya kifuniko cha sufuria. "Mjukuu ni wangu. Uzito utakaokaa hapo ni wangu."

"Mama!" Zaina akashika kichwa. "Kwenye pikipiki ya mukwe?"

"Anaendesha? Atalala chini, minye niko juu. Mila gani imekataza hiyo?"

Victoire akashuka, na Zaina akaegemea uzio atazame vizuri. Gédéon akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuza uso kuelekea ziwa mpaka aliposikia springi zikiguna. Mama Geneviève alikuwa amekaa upandeupande, kitenge kimekazwa, miguu inaning'inia mbele ya shene. Gédéon akalala mavumbini, akapeleka vidole viwili chini ya shene, macho yake hayakupanda juu ya kifundo cha mguu. Shene ilikuwa imekaza mno.

"Shuka, Mama."

Akashuka. Gédéon akalegeza huku na huku, alama za gurudumu za kushoto na kulia zikalingana.

"Panda tena, Mama."

"Weye unanichezesha."

"Ni shene inakuita, si minye."

Akapanda. Gédéon akasukuma gurudumu kidogo, akapima tena pale shene inapobana zaidi. Ikacheza kidogo, laini, kama ngozi ya ngoma iliyowekwa juani ikatosha. Akakaza buloni ya gurudumu kwa mguu na kwa mkono. "Basi," akasema. "Hata wakubwa waongeze mawe."

"Wataongeza," Mama Geneviève akajibu kutoka juu. "Usiwakumbushe."

Mama Geneviève aliposhuka, Gédéon akaenda kuijaribu pikipiki mpaka njia kuu, akapanda nayo kwa gia ya pili, pale ilipokuwa ikiruka jino. Haikuruka. Aliporudi alikuta mkoba wa Victoire mlangoni, na Mama Geneviève akitoka chumbani kwa mgongo, anavuta godoro lililokunjwa na kufungwa kamba.

"Mama, hilo godoro?"

"La mtoto."

"Nilifikiri labda utamwachilia siku chache tu, tuone..."

"Mtoto wa kwenda kutembea na kurudi habebi godoro," akasema, akalisukuma kwake bila kumgusa mkono. "Wajomba zake wakiniuliza, nitawaambia shene niliipima mwenyewe."

Gédéon akalifunga godoro nyuma kwa mipira, akalitingisha, halikusogea. Victoire akakaa katikati, akamshika baba yake kiuno.

"Ba Victoire," Mama Geneviève akasema. "Ikianza kulia tena, usiitafutie serikali. Nitafute minye, nije nikae."

"Utakuwa unakaa mara nyingi, Mama. Barabara ni ileile."

"Basi nitanenepa zaidi," akasema, akaenda kugeuza bugali yake iliyokuwa inaungua.