Kofia ya Nyaya

Kompyuta ya Naliaka ilikuwa imebaki mtaani Rhonda, na Rhonda ilikuwa inachomwa.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kazi yote ya shahada yake ya pili: jinsi hofu inavyoharibu kumbukumbu. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alikuwa amewavisha wakazi wa mtaa kofia ya nyaya, akawasomea maneno, akapima ubongo unavyoyashika na kuyapoteza. Mzee Omolo muuza mkaa ndiye aliyeipenda zaidi kofia hiyo. Akiivaa alijiita rubani.

Sasa ilikuwa Januari 2008, watu wanauana kwa ajili ya matokeo ya kura. Wasike, baba yake, fundi redio wa mtaa wa Bondeni, alikubali kumsindikiza shingo upande.

"Tukisimamishwa, mwenye mdomo ni mimi," alimwambia. "Hiyo mitambo yako ni redio ya kastoma. Wewe ni bubu."

Vyombo, kompyuta na kofia, walivikuta salama katika chumba cha kanisa alimofanyia utafiti. Wakavitia guniani, wakashika njia.

Kwenye kona, mawe barabarani, vijana na mapanga. Mmoja, amevaa koti la mvua na jua linawaka, akafungua gunia.

"Buda, nini hii?"

"Redio, boss. Mbovu."

"Redio gani huvaa kofia?" Wenzake wakacheka. "Sawa. Hizi waya ni kopa, shaba safi, tunauza." Akaweka panga kwenye nyaya.

"Usikate!" Naliaka akapiga kelele. "Si redio! Inasoma ubongo!"

Kicheko kikakatika.

"Imesoma nani?" kijana akauliza polepole.

"Watu wa hapa tu, lakini..."

"Kwa hivyo inajua wenye wameona vile tumefanya hapa."

"Hapana! Haisomi mawazo, ni utafiti wa..."

"Boss, huyu ni mtoto wa shule tu," Wasike akaingilia, "hajui anachosema..."

Ubapa wa panga ukampata mdomoni.

Wakalimwagia gunia petroli, wakaliwasha. Naliaka hakulia, alimshika baba yake mkono hadi kijana aliposema, "Ishieni. Tokeni hapa."

Safari hiyo ilimgharimu Naliaka kofia, kompyuta na shahada. Ilimgharimu Wasike meno mawili. Jioni hiyo vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani aliwahi kuvaa ile kofia. Wengi walikana. Mzee Omolo alikubali, maana hakuona ubaya wake. Alizikwa Jumamosi.